Nimeonyeshwa hosteli ya wasichana: niwaambie wazee kwanza, au niitangaze siku ya mavuno?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mchungaji wa usharika mmoja wa kijijini, Mkoa wa Njombe, ukanda wa baridi kali. Huu ni usharika wangu wa pili tangu niwekewe mikono. Tuna mitaa minne, kila mmoja una mwinjilisti wake. Watu wangu wanalima viazi na mahindi, na wachache wana mashamba ya miti.

Kwaresima iliyopita nilifunga kwa ajili ya vijana wa usharika. Usiku mmoja nilikuwa nimepiga magoti peke yangu katika kanisa letu la zamani. Sikuwa nimelala. Nikaona nyumba ndefu imesimama kwenye kiwanja chetu, pale chini ya mipaina. Madirisha yote yalikuwa na mwanga, na ndani wasichana walikuwa wanasoma. Nikasikia moyoni, kwa uzito ambao sijawahi kuusikia maishani: "Walaze hapa." Nikajiona nimesimama mlangoni nimeshika funguo. Nililia mpaka kukakaribia kucha.

Nilielewa mara moja. Sekondari ya kata iko mbali na mitaa yetu miwili, kilomita 11 kutoka ule wa mwisho. Wasichana hawawezi kwenda na kurudi kila siku kwenye ukungu na matope, kwa hiyo wazazi wanawapangia vyumba senta. Mama, wewe unajua yanayotokea huko. Katika wale niliowapa kipaimara, wawili hawakufika kidato cha nne. Mmoja analea mtoto nyumbani kwa bibi yake. Mwingine amepelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani.

Shida yangu ni hii. Tunajenga kanisa jipya na kuta zimeishia kwenye lenta. Kuna fedha kidogo zimekusanywa kwa ajili ya mabati. Mtunza hazina wetu, mzee anayeheshimika sana, alishasema kikaoni kwamba hatutaanzisha kitu kingine chochote mpaka paa likae. Nina rafiki, mhubiri wa Mbeya mjini, ambaye nimemsimulia yote. Ameniambia: "Maono ya Mungu hayapigiwi kura. Ukiyapeleka kwa wazee watayaua. Subiri sikukuu ya mavuno, watu wana furaha, wageni wa Dar wapo, mnada umepamba moto. Tangaza pale madhabahuni. Ukishatamka, hakuna wa kupinga."

Mke wangu anasema nisubiri, lakini hasemi nisubiri nini. Mavuno ni Agosti. Nikikaa kimya naona kama namficha Mungu. Nikisema, naogopa kuugawa usharika. Nianzie wapi?

Mchungaji mwenye mzigo, Njombe


Marahaba, Baba Mchungaji. Kamwene.

Sina sababu ya kutilia shaka kwamba Mungu amesema nawe usiku ule. Wasichana uliowaona wapo kweli, na kila anayeishi huku kwetu anawajua. Sekondari za kata zilijengwa kwa wingi kuanzia 2004 kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), na mwaka 2016 ada ikaondolewa. Umbali haukuondolewa. Mtoto wa miaka 14 anaishi peke yake kwenye chumba cha kupanga, anajipikia, anasoma kwa tochi ya simu kama anayo, na jioni anabishiwa hodi na mtu anayejua kwamba ndani hakuna mzazi. Mungu akimwamsha mchungaji usiku kwa ajili ya mtoto huyo, mimi sishangai hata kidogo.

Kwa hiyo sikuulizi kama uliona. Nakuuliza ulionyeshwa nini, na baada ya hapo ukaongeza nini mwenyewe.

Nimeisoma barua yako nikiwa na kalamu mkononi. Umeonyeshwa nyumba, mwanga, wasichana wanasoma, maneno mawili, na funguo. Hukuonyeshwa mwezi wa Agosti. Hukuonyeshwa kwamba nyumba hiyo inatangulia paa, wala kwamba inalifuata. Hukuonyeshwa ni wasichana wangapi, nani atawapikia, wala mnada. Kisha umeandika, "Nilielewa mara moja." Hapo ndipo naomba tukae kidogo.

Mkumbuke Petro kule Yafa. Yuko darini saa sita mchana, anaona nguo kubwa yenye wanyama wa kila aina ikishushwa kutoka mbinguni mara tatu, na sauti ya kumwambia achinje ale anaisikia wazi kabisa. Hata hivyo Matendo sura ya 10 inasema alibaki na mashaka moyoni, maono yale maana yake nini. Wajumbe wa Kornelio, akida wa Kirumi asiye Myahudi, wakafika mlangoni akiwa bado anawaza. Kesho yake akaondoka nao, akachukua ndugu wa Yafa, akasafiri hadi Kaisaria, na ni nyumbani kwa Kornelio, akiwatazama wale watu usoni, ndipo alipoeleza kwamba Mungu amemwonya asimwite mtu yeyote najisi. Lau angetangaza siku ileile pale darini, angetangaza habari za vyakula.

Halafu angalia alivyopokelewa Yerusalemu. Waumini wa Kiyahudi walishindana naye kwa kuwa ameingia kwa watu wasiotahiriwa na kula nao. Huyu ni Petro, mtume aliyetembea na Bwana, na hakuwauliza wao ni nani hata wamhoji. Aliwaeleza jambo lote kwa taratibu tangu mwanzo, na alikuwa na ndugu sita aliokwenda nao, walioona kwa macho yao. Wakanyamaza, wakamtukuza Mungu. Baba, ndugu zako sita wako wapi? Mpaka sasa una rafiki mmoja wa Mbeya ambaye hatabeba hata tofali moja la nyumba hiyo.

Chukua karatasi mbili. Ya kwanza andika ulichokiona usiku ule na ulichokisikia, bila kuongeza neno. Ya pili andika unachodhani kinamaanisha: mahali, wakati, idadi, gharama. Ya kwanza ni ushuhuda wako, na hakuna mwanadamu wa kukunyang'anya. Ya pili ni hoja, na hoja ni ya kujadiliwa, kupunguzwa, hata kukataliwa, na wewe ubaki salama mbele za Mungu. Viongozi wengi wanaumia kwa sababu wanazileta mbili hizi kwa pumzi moja, mzee akiuliza habari ya maji wanaona amelikataa neno la Bwana.

Nikuambie inavyosikika kutoka upande wa benchi, maana mimi ni mzee wa kanisa na nimekaa kwenye baraza chini ya wachungaji kadhaa. Mchungaji akifungua kikao kwa kusema "Mungu ameniambia tujenge," mzee mwenye swali la haki anabaki na njia mbili. Anyamaze, au aonekane anapingana na Mungu mbele ya wenzake. Watu wetu wa milimani wana adabu, watanyamaza. Watasema "sawa, Mchungaji," watafunga kikao kwa sala, watakwenda nyumbani, na siku ya kusomba mchanga hutawaona. Kwenye muhtasari hakutakuwa na aliyepinga. Utakaa miaka miwili ukitafuta adui aliyeua maono yako, na hutampata, kwa sababu hakuwepo.

Rafiki yako ana kweli nusu. Baraza haliwezi kupiga kura kama Mungu amesema au hakusema. Lakini Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasitweze unabii, na papo hapo akawaambia wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Hayo mawili ameyaweka pamoja. Wazee wanaokupima hawampimi Mungu, wanakusaidia kujua kama wewe, mwanadamu mwenye njaa ya mfungo na uchungu wa wale watoto wawili wa kipaimara, umesikia sawasawa. Nathani alikuwa nabii wa kweli, na Daudi alipomwambia habari ya kujenga nyumba ya Bwana alimjibu aende akatende yote yaliyo moyoni mwake. Usiku uleule Bwana akamrudisha. Nia ya Daudi ilikuwa njema, ila nyumba haikuwa ya mikono yake. Kazi aliyobaki nayo ilikuwa kukusanya mierezi, mawe na dhahabu kwa ajili ya mwanawe.

Na hapo nifike kwenye funguo.

Wewe ni mchungaji wa dayosisi. Barua ya uhamisho inaweza kuja nyumba ikiwa imefika usawa wa madirisha. Kama maono haya yanakaa kichwani mwako tu, yatapanda gari pamoja na vyombo vyako. Pia nitasema jambo zito, na ninalisema kwa upendo: mlango wa nyumba wanamolala wasichana usiku, funguo zake hazishikwi na mchungaji mwanamume, hata awe mtakatifu kiasi gani. Zinashikwa na matroni, chini ya kamati yenye wanawake wanaojua kuuliza maswali, na wewe mwenyewe unafika mchana, kwa taarifa, ukiwa na mtu mwingine. Liandike kwenye karatasi yako ya pili kabla mtu mwingine hajaliuliza. Usharika utakuamini zaidi kwa sentensi hiyo kuliko kwa mahubiri matatu. Na uziombee hizo funguo. Inawezekana ulionyeshwa ukizishika ili uzikabidhi.

Kuhusu siku ya mavuno jibu langu ni hapana. Fedha iliyotolewa kwa ajili ya mabati ni ya mabati. Kuna bibi ameuza debe la mahindi akiwaza paa ambalo siku moja jeneza lake litapita chini yake. Huwezi kuichukua sadaka hiyo ukaipeleka kwingine hata kwa jina la Mungu, wala kuikopa ukisema utairudisha. Mnada nao unaujua: kuku anauzwa mara tano, watu wanashangilia, wageni wa Dar wanaahidi kwa sauti kubwa. Jumatatu wanapanda basi Makambako na ahadi zinabaki kwenye daftari. Zaidi ya hayo, rafiki yako ametaja mwenyewe sababu ya kuchagua siku hiyo, kwamba hakuna wa kupinga. Sentensi hiyo ilipaswa kukutisha. Neno la Mungu halihitaji kusubiri watu wasio na nafasi ya kujibu.

Uanzie wapi? Anza na mama mchungaji. Anasema subiri na hasemi subiri nini. Basi muulize, na usimjibu haraka. Msimulie yote mpaka kwenye funguo. Hosteli ikisimama hatua chache kutoka nyumbani kwenu, atakayeamshwa saa nane usiku mtoto akiugua ni yeye. Pengine anaona jambo ambalo amekosa tu nafasi ya kulisema.

Baada yake nenda kwa mtunza hazina, nyumbani kwake, jioni, bila ajenda ya kikao. Najua huyo ndiye unayetaka kumfikia wa mwisho. Nenda kwake kabla ya mzee mwingine yeyote, asije akalisikia jambo hili kwa mtu wa sokoni. Muulize kwanza habari za paa: limebaki kiasi gani, anafikiri litakaa lini, nini kinamnyima usingizi. Sikiliza mpaka amalize. Kisha msimulie ulichokiona, kama mtu anayemsimulia kaka yake mkubwa, umwulize, "Wewe ungetaka kujua nini kabla ya kukubali jambo kama hili?" Andika majibu yake. Atakupa maswali ambayo rafiki yako hajawahi kuyawaza, na akishakupa maswali ameshaanza kulibeba.

Mojawapo litakuwa chakula. Chukua wasichana 40 tu. Nusu kilo ya unga kwa kila mmoja kwa siku ni kilo 20, na kwa mwezi ni kilo 600, yaani magunia sita ya kilo mia mia. Hapo hatujataja maharage, mafuta, chumvi, kuni, maji, mshahara wa matroni na wa mlinzi. Ujenzi, tena huku kwetu kwenye mbao na matofali ya kuchoma, usharika unaweza kuumaliza kwa nguvu zake. Ugali wa kila jioni ndio unaofunga hosteli nyingi. Wazazi wanaolipa kodi ya chumba senta wanaweza kuleta mahindi na viazi badala yake, lakini lazima waulizwe wao, tena mapema.

Ndiyo sababu nataka uende na kwa akina mama wa usharika. Wasikie ushuhuda wako, kisha uwaombe wafanye kazi ambayo wewe huwezi kuifanya: wawatembelee wasichana hao vyumbani. Wajue ni wangapi, wanalala wawili wawili au mmoja mmoja, wanalipa kiasi gani, nani anawafuata. Huenda wakarudi na habari kwamba karibu na shule kuna wajane watatu wenye vyumba vitupu na hofu ya Mungu, na kwamba Januari wasichana kumi wanaweza kulala kwao chini ya uangalizi wa akina mama, bila tofali hata moja. Sisemi kwamba hiyo ndiyo nyumba uliyoiona. Nasema neno ulilolisikia lilikuwa la kuwalaza, na msichana wa kidato cha kwanza hawezi kusubiri mpaka tumalize kubishana juu ya paa.

Mkuu wa jimbo naye apewe habari mapema, kwa unyenyekevu, kabla ya baraza. Kiwanja cha kanisa kwa kawaida kiko chini ya wadhamini, si chini ya mchungaji, na hosteli ya watoto haianzishwi kimyakimya: mkuu wa shule, afisa elimu na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri wote wana la kusema. Usiyaone haya kuwa ni urasimu unaozima moto wa Roho. Hospitali ya Ilembula na shule ya Kidugala, za kanisa huku kwetu, hazikusimama kwa moto wa mtu mmoja. Zimesimama kwa sababu kanisa zima lilizibeba, kizazi baada ya kizazi.

Ukishafika kwenye baraza, mwachie mzee mwingine kiti kwa ajenda hiyo. Mwenye hoja asiwe ndiye anayempa mtu nafasi ya kusema. Fanya kama Nehemia. Tangu apate habari za Yerusalemu mpaka aombe ruhusa kwa mfalme ilipita kama miezi minne, na alipofika aliuzunguka ukuta usiku na watu wachache, hakumwambia mtu yale Mungu aliyoyatia moyoni mwake. Alipofungua kinywa alianza na magofu ambayo kila mmoja wao aliyaona, ndipo akawaeleza jinsi mkono wa Mungu ulivyokuwa pamoja naye. Hakuna anayeweza kusema alimficha Mungu miezi yote hiyo. Nawe anza na wasichana, bila kumtaja hata mmoja kwa jina, wala wale wawili wa kipaimara. Akina mama watoe taarifa yao. Kisha soma karatasi ya kwanza, na useme: "Hiki ndicho nilichoonyeshwa. Haya mengine ni mawazo yangu, nimeyaleta tuyapime pamoja. Mkiona sikusikia vizuri, niambieni, nami nitaomba tena."

Wanaweza kukuambia subiri paa. Usikasirike, na usiende kuwalalamikia waumini pembeni. Omba tu iandikwe kwenye muhtasari kwamba jambo limepokelewa, na mwezi litakaporudi mezani utajwe. Akina mama waendelee kuwatembelea watoto, hilo halihitaji kibali cha ujenzi. Wakikubali, wainjilisti walipeleke kwenye mitaa yote minne, watu waulize maswali yao kwenye jumuiya, na madhabahuni litajwe mwisho, na mzee wa kanisa akiwa amesimama pamoja nawe.

Na Agosti hii, Baba, hubiri mavuno. Kisha usimame kwenye ule mnada na kuuza kuku na viazi kwa ajili ya mabati kwa nguvu zako zote, mtunza hazina akiwa anakuona.